Kozi ya vipasana ya siku kumi: maoni yangu kwa watu wa sala

Maoni mengi niliyosoma kuhusu kozi hii ya kutafakari kwa mbinu ya Budha yanaishia kwenye magoti yanayouma na kengele ya alfajiri. Mimi ni Mkatoliki, mtu wa rozari na Misa, na swali lililokuwa likinikera kabla ya kujaza fomu sikuona mtu akiligusa: mtu anayemtafuta Mungu atakaaje siku kumi mahali ambapo Mungu hatafutwi?

Huduma yenyewe kwanza. Ni kozi ya kulala hukohuko, katika mapokeo ya S. N. Goenka (1924–2013), mfanyabiashara aliyezaliwa Mandalay, Burma, akafunzwa na Sayagyi U Ba Khin, kisha akaanza kufundisha India mwaka 1969. Vituo viko katika nchi nyingi na ratiba ni ileile: kengele saa kumi alfajiri, taa kuzimwa saa tatu na nusu usiku, na katikati yake takribani saa kumi za kutafakari. Hakuna simu, kitabu wala kalamu, na huzungumzi na mwenzako hadi siku ya kumi. Hulipi chochote. Gharama zote zinatokana na michango ya waliokwisha kupita, na mgeni haruhusiwi hata kuchangia mpaka amalize. Hili nalisifu kwa moyo wote. Hakuna aliyenishawishi kununua kitu, na hakuna aliyenigusia habari ya kubadili dini.

Mtu wa sala anapaswa kuyajua masharti mapema. Kanuni zinasema wazi kwamba sala na ibada za aina zote zisimamishwe kwa muda wa kozi. Rozari na hirizi, ambazo zimewekwa katika kifungu kimoja, zisiletwe. Ukizileta unazikabidhi kwa wasimamizi. Hutoki nje ya eneo, kwa hiyo Misa ya Jumapili itakupita, na Mwislamu mwenye swala tano atakuwa na mzigo mzito kuliko wangu. Sababu wanayoitoa ina mantiki: mbinu ijaribiwe peke yake bila kuchanganywa na nyingine, ndipo utaweza kuipima. Nilimwuliza muungamishi wangu kabla ya kwenda, na nilikwenda kwa dhamiri safi.

Nilipokwama ni jioni ya kwanza. Wanafunzi wanaombwa kurudia maneno ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha: Buddham saranam gacchami, yaani namkimbilia Budha, kisha Dhamma, yaani mafundisho yake, kisha Sangha, yaani jumuiya ya wafuasi wake. Wanaeleza kwamba hukimbilii mtu bali sifa ya kuamka iliyokuwa ndani yake, na kwamba hakuna anayetiwa dini hapo. Nawaamini. Lakini nimekua na Zaburi ya 46, "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu," na kinywa changu hakikuwa tayari kukimbilia kwingine, hata kwa lugha nisiyoielewa. Wenzangu waliporudia nilinyamaza. Hakuna aliyenisumbua kwa hilo.

Siku tatu za mwanzo ni anapana: unatazama pumzi inavyopita kwenye eneo dogo kati ya pua na mdomo wa juu. Huhesabu, hutumii neno, huwazi picha. Katika hotuba za jioni Goenka anaeleza kwamba neno lingeituliza akili upesi zaidi, lakini lengo si utulivu peke yake, ni kukiona kilichopo kama kilivyo. Kuanzia siku ya nne unapitisha usikivu mwili mzima, utosini hadi vidole vya miguu, ukitazama kila hisia bila kuing'ang'ania wala kuifukuza. Hapo ndipo vinapoanza vile vipindi vya saa nzima ambavyo hufungui macho, mikono wala miguu.

Katika kimojawapo goti langu la kushoto lilianza kuwaka. Nililitazama kwa karibu kama tulivyofundishwa, nikakuta kwamba nililokuwa nikiliita maumivu ni mambo kadhaa: joto, mchomo, mdundo wa mshipa, na pembeni yake sehemu ambayo haikuuma kabisa. Vyote vilikuwa vikija na kuondoka. Kilichobaki palepale bila kusogea ni kule kutaka kwangu yaishe. Nimesoma maelezo mengi juu ya kiu ambayo Budha anasema ndiyo chanzo cha mateso. Sikuwahi kuielewa vizuri kama nilivyoielewa hapo. Na papo hapo jina la Yesu likanijia mdomoni bila kuliita. Sasa nilikuwa na mambo mawili ya kutazama: goti, na hamu hiyo.

Mchana kuna nafasi ya kuonana na mwalimu msaidizi kwa dakika chache. Nilimwuliza: hamu ya Mungu ikinijia, nifanye nini nayo? Alinijibu kwa upole mkubwa kwamba niangalie inajitokeza wapi mwilini, niitambue kuwa nayo ni ya kupita, niiache ipite. Kwa mafundisho yake hilo ni jibu sahihi, na namheshimu kwa kutonipaka mafuta. Kwangu hapo ndipo njia zilipoachana.

Kwa haki, hoja ya Budha ni nzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika Tevijja Sutta, mojawapo ya hotuba zake za kale, vijana wawili, Vasettha na Bharadvaja, wanabishana ni njia ipi inayomfikisha mtu kwa Brahma, mungu mkuu wa makuhani wa India ya kale. Budha anawauliza kama kuna yeyote kati ya walimu wao, au walimu wa walimu wao, aliyewahi kumwona Brahma uso kwa uso. Hayupo. Basi, anasema, nyinyi ni msururu wa vipofu walioshikana. Ni sawa na mtu anayedai kumpenda mwanamke mrembo kuliko wote nchini, ukimwuliza jina lake, ukoo wake, anakoishi, hajui lolote. Maneno hayo yanachoma, na Mkristo anayeyasoma haraka ili ayapinge anajinyima dawa. Ukikaa kimya siku kadhaa utaona mwenyewe ni kiasi gani cha sala zako kilikuwa kutafuta nafuu ya moyo wako tu.

Ila Tevijja haiishii hapo, na hili wengi huliruka. Vasettha anaomba aonyeshwe njia, na Budha hamfukuzi. Anamfundisha kuzijaza pande zote za dunia kwa upendo usio na mpaka, kisha huruma, kisha kufurahia heri ya wengine, kisha moyo usioyumba. Upendo huo wa kwanza ndio metta inayofundishwa siku ya kumi, kimya kinapofunguliwa: unawatakia heri viumbe wote, maadui wakiwemo. Ndiyo saa niliyojisikia niko nyumbani kuliko zote.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotoka pale wakisema ni Mungu yuleyule kwa jina jingine. Ubudha haumkubali Muumba. Hotuba nyingine, Brahmajala Sutta, inamweleza Brahma kuwa kiumbe aliyetangulia kutokea katika ulimwengu mtupu, akatamani wenzake, na wengine walipotokea akadhani yeye ndiye aliyewaumba. Kumlazimisha Mbudha akiri Mungu wetu chini kwa chini ni kumkosea adabu. Kumwambia Mkristo kwamba hamu yake ni hisia kama hisia nyingine za mwili nako hakutoshi.

Mpenzi yule wa mfano wa Budha hajulikani na anayempenda. Ndiyo maana mapenzi yake hayana maana. Imani yangu inasema kinyume: "Sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda sisi kwanza." Paulo kule Athene alisema watu humtafuta Mungu kwa kupapasa, ingawa hawi mbali na kila mmoja wetu, na Qurani inasema Yeye yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo. Kama ni hivyo, kutafuta kwangu ni kuitika, na kuiacha hamu hiyo ipite hadi iishe ni kumnyima jibu aliyeniita. Kuachilia tunako na sisi pia. Mtakatifu Yohane wa Msalaba (1542–1591), mwalimu wa sala, alifundisha kutong'ang'ania hata utamu wa sala na maono. Lakini aliviachilia vyote kwa ajili ya Mmoja.

Waraka wa Vatikani wa mwaka 1989 kuhusu kutafakari kwa Kikristo, uliotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, unaruhusu kuchukua kilicho chema katika mbinu hizi na unaonya kwamba utulivu na joto la mwilini visihesabiwe moja kwa moja kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Baada ya kozi naliona onyo hilo ni la busara sana. Mwili wangu uliwahi kujaa wepesi wa ajabu, kama unavyojaa kwa wengi pale, asiyeamini kitu chochote akiwemo.

Kwa hiyo naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya jioni ile ya kwanza: maneno ya kukimbilia yangeachwa kwa hiari waziwazi, si kwa mtu kujinyamazia. Namshauri aende mtu ambaye sala zake zimekuwa maneno matupu na anataka kujifunza kukaa mahali pamoja na kusikiliza. Asiende aliye katika msiba mbichi au mwenye ugonjwa mzito wa akili. Fomu yenyewe inauliza habari za afya, na ijibiwe kwa ukweli. Asiende pia anayetaka kuamuliwa kama Mungu yupo, kwa sababu kozi haishughuliki na swali hilo. Ukiamua kwenda, wasiliana na kituo kabla ya kuthibitisha nafasi, uliza kuhusu sala za lazima za dini yako na maneno ya jioni ya kwanza, na zungumza na padre, mchungaji au imamu wako kabla, maana ukishaingia hutakuwa na simu.