Forester SJ, RAV4 au X-Trail? Gari ya familia ya AWD tuliyoishia kuichukua

Wakuu, ukitafuta gari ya familia ya AWD, yaani inayovuta tairi zote nne (wengine wanaita 4WD), na mfuko haufiki Prado, karibia kila mtu atakutajia hizi tatu: RAV4 ya ACA31, X-Trail T31 na Forester SJ (hizo herufi na namba ni kodi za toleo la gari). Mimi na mama watoto tulizunguka yadi za hapa Dar tukazikagua zote, tukaziendesha, mwisho tukabeba Forester 2.0 ya 2014 isiyo na turbo, na masika ishapita nayo kwahiyo naongea kitu nnachokijua.

Kabla ya yote, sio kila RAV4 ni 4WD jamani. Muuzaji atakwambia "hii 4WD bosi" kumbe ni ACA36, hiyo inavuta mbele tu, yenye 4WD ni ACA31. Harrier hivohivo, ZSU60 ni ya mbele, ZSU65 ndo AWD. Soma namba ya chasisi, au inama uchungulie uvunguni, kama huoni propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) na difu ya nyuma hakuna cha 4WD hapo hata wabandike nembo kubwa namna gani. Kwa SJ presha hiyo haipo, zote ni AWD.

RAV4 ni gari tamu na spea zake pale Kariakoo hukosi. Ila ACA31 ni 2.4, na kwa TRA ukivuka cc 2000 ushuru wa bidhaa unatoka 5% unaenda 10%, kama unaagiza mwenyewe Japani weka hiyo hesabu mapema, na ule wa uchakavu pia maana umri wa gari nao unalipiwa. Njiani muda mwingi inavuta mbele, tairi za nyuma zinaitwa kusaidia pale za mbele zikianza kuteleza. Kuna kitufe cha lock cha kulazimisha zote nne zivute, ila ukizidi spidi 40 inajiachia yenyewe. Kwa tope la kawaida inatosha kabisa, sina ubaya nayo.

X-Trail ilibaki kidogo niichukue kwasababu ya viti tu, zipo zenye viti visivyopitisha maji, mwenye watoto wanaotapika kwenye zile kona za kupanda Soni kule Lushoto ananielewa. Na ile swichi ya 2WD, AUTO na LOCK hata bibi anaielewa. Kilichonirudisha nyuma ni CVT, ile giaboksi ya auto isiyo na gia za hatua, ikichemka mlimani na mzigo inakata nguvu, na gari ya mkononi hujui ilimwagiwa oili gani, kuna mafundi kila giaboksi kwao ni ATF tu, ile oili ya auto za kawaida.

Najua mtasema Forester nayo si CVT? Ndio, tena oili yake sio ya bei rahisi. Ila AWD yake inafanya kazi muda wote, haisubiri uteleze kwanza, na ukipanda kule Mtae, milima ya Usambara, mvua inanyesha udongo mwekundu umekuwa sabuni tofauti unaisikia kwenye usukani. Unabonyeza X-Mode, kitufe cha kusaidia kwenye utelezi, unapanda taratibu, gari haihangaiki. Chini ina milimita 220 kwahiyo yale makorongo katikati ya barabara haigusi hovyo. Vioo vikubwa, watoto wanaona nje, na milango ya nyuma inafunguka vizuri, kumfunga mtoto kwenye kiti chake hupindi mgongo.

Mabaya yake sasa. Foleni ya Dar inakula mafuta, ukitoka kwenye IST utalia. Injini imelala, plagi ziko ubavuni, fundi wa mtaani akifungua boneti anaanza kujikuna kichwa, na ufundi unachajiwa juu kuliko Toyota. Tairi zote nne lazima zilingane saizi na zisipishane sana kuisha, ukichanganya mpya moja na kuukuu tatu unaiumiza ile klachi ya AWD, kwahiyo mambo ya kununua tairi mojamoja yameisha. Mama watoto yeye lawama yake ni moja, redio imekuja ya Kijapani haidaki stesheni zetu nyingi mpaka uifunge kifaa, ila hilo ni la gari zote za kule.

Forester XT, ile ya turbo, msishawishike kama ni ya shule na kanisani. Hela ya mafuta ya ile kitu bora nilipie ada.