Kadi za maneno ya Kiingereza ya enzi za mabwana: cheo kimeeleweka, tabia imeachwa nusu

Kwenye papeteri za Nyawera, Bukavu, kuna pakiti ya kadi 120 za msamiati wa Kiingereza kwa dola 4. Mbele neno, nyuma Kifaransa na Kiswahili. Kadi za kijani ni za tabia, nyekundu za cheo, buluu za maisha ya Zama za Kati: ngome, shamba, vita, kanisa. Kwa mwanafunzi wa sekondari bei si mbaya.

Kinachoharibu ni hizo rangi. Katika Kiingereza cheo na tabia vimelala kitanda kimoja. "Villein" alikuwa mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana. Mabwana walimdharau mpaka jina lake, kwa tahajia ya "villain", likawa la mtu mwovu, yule adui wa kwenye filamu. "Churl" alikuwa mtu huru wa daraja la chini. Leo "churlish" ni mtu mkavu asiye na adabu. "Knave" alikuwa mvulana tu, baadaye mtumishi, mwisho laghai. Kwa wakubwa mambo yalikwenda kinyume: "noble" na "gentle" yalitaja ukoo kwanza, ndipo yakawa sifa za moyo. Pakiti inaweka villein kwenye nyekundu na villain kwenye kijani, bila hata mshale wa kuonyesha kuwa ni ndugu.

Na mfano mtunzi alikuwa nao mdomoni! Muungwana kwanza alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Leo ni mwenye adabu. Kiswahili cha huku kwetu kiliitwa Kingwana kutokana na neno hilohilo. Mshenzi naye alikuwa mtu wa bara machoni pa watu wa pwani, sasa ni tusi. Mistari miwili ya namna hiyo ingeokoa kadi kumi.

Kifaransa cha nyuma kinasaidia, ila kina mitego. Kadi ya gentle imeandikwa "gentil", basi. Gentil ni mwema. Gentle ni mpole, mtu au mkono usioumiza. Vilain wa Kifaransa anaweza kuwa mtoto mtukutu tu. Villain wa Kiingereza ni mtu wa kuogopwa.

Kadi nyekundu ndizo bora. Ngazi tano za mabwana, kutoka juu kwenda chini, zimepangwa sawasawa: duke, marquess, earl, viscount, baron. Hata pale wengi wanapoteleza, kadi haikuteleza: mke wa earl ni countess, maana Kiingereza hakikumpa earl jina la kike la kwake. Kosa ni kumwingiza baronet. Cheo hicho kilianzishwa mwaka 1611, Zama za Kati zimeshapita. Page (mtumishi mdogo wa bwana), squire (msaidizi wa knight) na knight (mpiganaji wa farasi) nazo zimetawanyika, wakati ni hatua za maisha ya kijana mmoja: page karibu miaka 7, squire karibu 14, knight karibu 21. Zifunge pamoja.

Kwenye buluu, futa tafsiri mbili. "Serf" si mtumwa wa sokoni: amefungwa na shamba, likipewa bwana mwingine naye anakwenda nalo. "Manor" si "château": ni milki nzima, pamoja na nyumba ya bwana, mashamba na watu wanaoyalima.

Matamshi hayapo kabisa. K ya knight na ya knave haisikiki. Chivalry (desturi na maadili ya knight) inaanza na "sh". Yaandike pembeni kwa kalamu ya risasi, kwa sababu karatasi inanyonya wino wa biki na kuutoa upande wa pili.

Usizisome rangi kwa rangi. Changanya, toa kadi 8 kwa siku, na kwa kila moja jibu kabla ya kugeuza: ni cheo, ni tabia, au ni vyote viwili? Tunga sentensi moja yenye mtu ndani yake.

Pakiti imefungwa kwa mpira tu, bila sanduku. Hesabu kadi mbele ya muuzaji kabla hujalipa.