Zambezi safi, stoo yao ovyo: uzoefu wangu wa kayaki korongo la Batoka

Naandika nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo mnaopenda maneno ya taratibu mnisamehe mapema. Mto Zambezi haujanikosea chochote. Aliyenikosea ni jamaa wa stoo wa kampuni moja pale Livingstone, Zambia, pamoja na sketi aliyonipa. Kampuni siitaji, ila waliofika pale wataijua kwa hiyo stoo.

Kwa wasiopanda kayaki: sketi ni kile kitambaa kizito cha mpira unachokivaa kiunoni, ukishakaa unakivuta mpaka kishike ukingo wa tundu la kayaki pande zote. Kazi yake ni kuzuia maji yasiingie. Ikishika vizuri, ukipinduliwa unajiinua kwa kafi, unatema maji, unaendelea. Isiposhika, kayaki inajaa na wewe umeshakuwa muogeleaji. Sketi ya maana inakutesa kuivaa. Unaivuta mpaka mikono inatetemeka, na mara nyingi unamwita mwenzako akukandamizie nyuma huku wewe unahangaika na mbele. Hii niliyopewa niliivalisha kwa vidole viwili. Vidole viwili, jamani! Nikainua magoti kidogo tu, ikafyatuka yenyewe.

Nikamwambia, "Kaka, hii imelegea. Hii si ya kayaki hii."

Hakuinua macho kwenye simu. "Zote saizi moja, dada. Watu wanatumia hiyo kila siku."

Si kweli. Kayaki zina tundu ndogo na tundu kubwa, na mtu anayekodisha vifaa kwenye mto kama ule lazima alijue hilo kabla hajajua jina lake. Nikaomba nyingine. Akasema nyingine zimetoka na kundi la asubuhi. Nyuma ya kichwa chake, kwenye msumari, zilikuwa zinaning'inia tatu, kavu kabisa, moja ina vumbi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akageuka, akaziangalia kama ndiyo mara ya kwanza kuziona, akasema, "Hizo ni za wateja." Nikamuuliza mimi ni nani basi. Akacheka. Hakunijibu, alicheka tu, akarudi kwenye simu yake. Nje gari likaanza kupiga honi, kundi zima limekaa linanisubiri, na pesa nilishalipa. Hapo ndipo wanapokupatia.

Basi tukashuka. Ulikuwa ule msimu wa joto kali kabla mvua hazijaanza, maji yakiwa chini. Kwa wanaopanga safari, hili ni jambo kubwa kuliko bei: kuanzia kama Agosti hadi Desemba ndipo mnaweza kuanzia juu kabisa, Boiling Pot, chini ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) penyewe. Mwezi wa nne mto unabeba maji karibu mara kumi ya yale ya Oktoba, na sehemu ile ya juu haiguswi. Kwa hiyo usiseme mto ni uleule. Mtu aliyeupita Julai na aliyeupita Oktoba hawajapita mto mmoja.

Njia ya kushuka inapita kwenye minazi-mwitu na mawe yenye utelezi, na ukifika chini unakuta daraja la 1905 liko juu yako, limebana kama utepe kati ya Zambia na Zimbabwe, na watu wanajirusha kutoka pale wamefungwa kamba miguuni. Wewe uko chini umekaa kwenye plastiki. Kuta ni mawe meusi ya volkano, zimesimama wima pande zote, na ukishaanza hakuna barabara, hakuna kijiji, hakuna wa kumpigia simu. Kama kitu kimeharibika, kimeharibika. Ndiyo maana habari ya sketi naishupalia hivi.

Mikondo mikali, pale maji yanapochafuka, imepewa namba, moja mpaka ishirini na kitu, na mingi ina jina juu ya namba. Mitatu ya mwanzo nilipita bila kupinduka. Maji ni ya vuguvugu, mazito, hayana mawe mengi katikati kama tulivyozoea kwingine. Mto wenyewe unajikunja na kukurupuka kutoka chini bila taarifa. Mimi mafunzo yangu ni Jinja, kwenye Nile, na Nile ina maji mengi pia, lakini kule mto ni mpana, ukianguka unaelea mpaka kwenye maji tulivu unajipanga. Batoka ni nyembamba. Maji yote yanayomwagika kwenye yale maporomoko ya karibu kilomita mbili kwa upana yanabanwa kwenye mfereji ambao mtu mwenye mkono mzuri anaweza kurusha jiwe likavuka.

Namba tano sketi ilianza kuvuja. Nilihisi maji kwenye mapaja, nikaenda pembeni, nikamwaga, nikavaa tena. Namba sita hivyohivyo. Halafu ikaja namba saba.

Namba saba wanaiita Gulliver's Travels. Ni ndefu, ina njia kadhaa, na kila njia ina shimo lake linalokusubiri. Kiongozi wa usalama, kijana wa Uganda ambaye hufuata msimu wa Zambezi, alikuwa ameshanieleza pa kupita, kwa Kiswahili cha kuokoteza na mikono mingi. Niliingia vizuri. Wimbi la kwanza nikalipanda, la pili likanipiga ubavuni, nikapinduka, sawa, hiyo ndiyo kayaki. Nikaweka kafi tayari kujiinua. Hapo nikasikia ule mlio mdogo, *pwap*, kitambaa kimeachia ukingo, na maji yakaingia kwa mkupuo mpaka kifuani. Kayaki iliyojaa haiinuki. Nikavuta miguu, nikatoka.

Kuogelea namba saba sikutakii. Nilikwenda chini mpaka rangi ya maji ikawa ya kahawia nzito, masikio yakaniuma, jaketi la kuelea limenivuta juu, nimepata nusu pumzi, nikashushwa tena. Kafi lilinyofolewa mkononi. Nilipoibuka mara ya pili niliona ncha ya kayaki nyekundu mbele ya uso wangu na sauti inasema, "Nyabo, shika! Usipigane nayo, shika tu!" Nikashika. Alinivuta mpaka nyuma ya mwamba, akanigeuzia uso, akaniuliza jina langu na leo ni siku gani, akaridhika, kisha akaiangalia sketi yangu iliyokuwa inaelea kiunoni. Akasema, "Nani amekupa hii?"

Huyo kijana mpe dunia nzima. Alivua sketi yake, akanipa, akachukua ile mbovu, akaizungushia mkanda wa kamba aliotoa kwenye mfuko wake wa uokoaji, akaibana ukingoni na kwenda nayo sehemu yote iliyobaki. Yeye! Anayetakiwa kutuokoa sisi! Mpaka leo nikiwaza hilo nashindwa kujua nimshukuru au niende kumwasha mtu kibao.

Kafi pia alilipata. Lilikwama kwenye maji yanayozunguka kabla ya namba nane. Nalikumbuka kwa sababu lilikuwa na utepe wa njano umeviringishwa pale mkono wa kulia unaposhika, umechakaa, unanata. Walilifunga kwenye boti la mpira nikapewa la akiba. Shikilieni hapo kwenye utepe wa njano.

Baada ya hapo, kusema kweli, siku ilikuwa nzuri kupita maelezo. Namba tisa hatukuipita majini, hata wenyewe hawaipiti na wateja. Boti zinasukumwa zikiwa tupu, watu mnatembea juu ya mawe yanayochoma nyayo kama kikaango. Kuanzia namba kumi na moja mto unafunguka kidogo, mawimbi ni makubwa lakini ya haki, na kwa sketi iliyoshika nilijipindua na kujiinua nikicheka peke yangu. Tuliona mamba wadogo wameanikwa juu ya miamba. Kwenye kuta wanaishi kozi wa Taita, ndege wa vilima vyetu vya Kenya kwa jina, lakini Batoka ni miongoni mwa makazi yake yanayojulikana sana. Sikumwona. Kiongozi alinionyesha doa jeupe la kinyesi kwenye ufa juu sana, nikaridhika na hilo.

Kupanda kutoka korongoni ni adhabu. Ni ngazi za fito, zaidi ya mita mia mbili kwenda juu, jua liko mgongoni. Na wakati wewe unahema umeshika magoti, wanakupita wapagazi wa vijiji vya juu, kandambili miguuni, kayaki begani, mmoja anavuta sigara. Wanalipwa kwa kila kayaki. Wapeni kitu cha ziada, tena mkononi kwao, kisipitie ofisini.

Sasa turudi ofisini. Nimeoga, nimetulia, nimekwenda kuchukua amana yangu. Jamaa wa stoo ananiambia amenikata pesa ya kafi, kwa sababu nimepoteza. Nikamwambia halijapotea. Akasema kwenye daftari limeandikwa limepotea. Nikamuuliza nani ameandika, akasema yeye. Nikatoka nje, nikapanda kwenye gari lao lililokuwa bado limejaa vifaa, nikalivuta kafi kutoka chini ya maboti, nikaja nalo mpaka mezani na kuliweka mbele yake. Utepe wa njano huo hapo. Akalishika, akaligeuza, akasema, "Hili ni lingine."

Nikamwambia na sketi je? Nikamweleza namba saba nzima. Unajua alinijibu nini? "Mto ndivyo ulivyo, dada."

Mto ndivyo ulivyo! Mto haukuitundika sketi yenye vumbi kwenye msumari. Mto hauna daftari.

Nilikuwa nimepanga kuandika "msiende" na kumaliza. Lakini nikiandika hivyo nitakuwa nawadanganya, kwa sababu pale ni pa kwenda, na ni bora uende mapema. Mpango wa bwawa la Batoka uko mezani kwa miaka mingi: ukuta wa mita 181, megawati 2,400 za kugawana Zambia na Zimbabwe, kama kilomita 50 chini ya maporomoko, na maji yake yatarudi nyuma kuimeza sehemu kubwa ya mikondo hii. Wengine watasema umeme ni maendeleo, na mimi nyumbani nachaji simu kama wao, sina ubishi mrefu. Ila nilifika Jinja baada ya maporomoko ya Bujagali kuzamishwa na bwawa 2011, nikasimuliwa tu. Bwawa la Isimba nalo lilipofunguliwa 2019 likafunika mawimbi mengine niliyoyapenda. Kwa hiyo ukiniambia subiri kampuni ile ijirekebishe ndipo twende, nakwambia hapana, tunaweza kusubiri tukakuta ziwa.

Nyota ngapi? Kijana wa Uganda tano, wapagazi tano, chakula cha mchana kilikuwa mkate na kachumbari, tuseme tatu. Stoo, sifuri. Ukijumlisha na kugawanya kwa nne unapata kama tatu, nilikuwa nataka kuandika nne, halafu nikakumbuka lile cheko lake. Mbili. Na ikitokea siku wakanirudishia ile amana nitaongeza, japo nimewaandikia na wamenijibu kwa picha ya tabasamu na neno asante.

Nimeshanunua sketi yangu kwa mtu Jinja, ya tundu kubwa, mpya, ngumu kiasi kwamba kuivaa nahitaji msaada. Kama kuna anayekwenda Livingstone kabla mvua hazijaanza naazimisha bure. Sharti ni kwamba uivalie palepale stoo, mbele ya meza yake, taratibu.