Bikoni ya WSPR ya kununua: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ile ya kusubiri kidogo

Wadau wa redio, kila nikigusia habari za bikoni, yaani kirushio kidogo kinachojitangaza chenyewe hewani ili uone mawimbi yako yanafika wapi, swali linakuja lile lile, "ninunue ipi?", na kabla sijajibu mtu keshanitumia picha ya dude la wati 10 aliloliona mtandaoni, anasema hili si ndo litafika mbali zaidi. Hapana aisee. Kwenye huu mchezo wati ndo kitu cha mwisho kabisa cha kulipia, hela yako ipeleke kwenye saa, kwenye masafa yasiyohama na kwenye waya wa antena, kwa mpangilio huo huo, na ndivyo nilivyozipanga hizi hapa chini.

Kwa wageni kidogo tu. WSPR sisi tunaitamka wispa, maana yake ni kunong'ona, na ni kunong'ona kweli. Aliyeitengeneza ni Joe Taylor, kolsaini yake (jina la hewani) K1JT, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 1993 kwa kazi ya pulsa, zile nyota zinazopiga mapigo, akaitoa hii 2008, na ukifikiria mtu aliyezoea kuchambua vimlio hafifu kutoka angani huko unaona kabisa hili wazo limetoka wapi. Bikoni inatuma vitu vitatu basi: kolsaini yako, gridi yako, ile kodi ya eneo ulipo (Dar ni KI93, Arusha KI86, Mombasa KI95) na nguvu unayorushia. Kwa hayo maneno matatu inachukua sekunde 110.6 nzima, inaanza sekunde moja baada ya dakika shufwa kuingia, na mlio wote unakaa kwenye upana wa kama hezi 6. Kwa vile ni nyembamba na ya polepole hivyo, kompyuta ya upande wa pili inaidaka hata ikiwa chini ya kelele kwa desibeli 28 hivi ukipima kelele kwenye upana wa hezi 2500. Sikio lako hapo halisikii kitu chochote. Waliokudaka wanapandisha ripoti wsprnet.org, we asubuhi unakunywa chai unafungua ramani kuona ulilala wapi.

Leseni kwanza. Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, Uganda ni UCC. Miliwati 10 nazo ni kurusha, usiniambie "lakini ni kadogo".

Na nguvu yenyewe ndo hii: bikoni nyingi za dukani zinatoa miliwati 200. Kitochi chako cha GSM kikihangaika kutafuta mnara kinaweza kufika wati 2, yaani mara kumi ya hiyo, na hakivuki hata kata. Kama bado huamini sikiliza 14.100 MHz, pale kuna zamu ya bikoni 18 za NCDXF na IARU, taasisi za wanaredio wa ridhaa, dunia nzima, majirani zetu Kenya wamo kwa jina la 5Z4B, kila moja inataja kolsaini yake kwa Morse halafu inapiga mistari ya sekunde moja moja ikishusha nguvu: wati 100, 10, 1, mpaka 0.1. Bendi (kipande cha masafa) ikiwa wazi kuna vituo utasikia mpaka ule mstari wa mwisho, kwa sikio tupu. Sasa hapo ongezea kompyuta.

Kilichonifundisha mimi ni kidole. Nilianza na moduli ya bei chee ya Si5351, chipu ya kutengeneza masafa, iliyoungwa na Arduino, kibodi kidogo cha kuiendesha, siku tatu spoti (ripoti za kudakwa) sifuri, nikasema antena mbovu, nikapanda juu ya bati nikashuka, nikabadilisha waya, wapi. Siku ya nne nikaweka redio pembeni nikafungua WSJT-X, programu ya kompyuta ya kutuma na kudaka WSPR, niangalie mlio wangu mwenyewe, nikaona mstari kwenye skrini umepinda kama mkia wa kenge. Feni! Feni ya juu ilikuwa inaipuliza ile kristali inayoshikilia masafa, inapoa inapashika. Nikaigusa kwa ncha ya kidole, mstari ukakimbia hapo hapo mbele ya macho yangu. Nikakata sifongo ya kuoshea vyombo nikaifunika, nikatia kila kitu kwenye kopo tupu la siagi nikafunga kifuniko, na usiku ule ule nikadakwa Réunion, kilomita 2,300 na ushee, kwa kitu kinachotoa miliwati 10.

Na sio kuhama tu. Kristali ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, ambayo ukiisikia unaona ni upuuzi, lakini kwenye 14 MHz hiyo ni hezi 280, na dirisha zima la WSPR lina upana wa hezi 200. Kwa hiyo unarusha usiku kucha nje ya mlango wa watu, hakuna anayekusikia, na mashine yako inawaka taa vizuri tu. Ndo maana swali la kwanza ukiangalia tangazo la bikoni yoyote sio inatoa wati ngapi, uliza ina TCXO, ile osileta inayojirekebisha joto, au inajisahihisha kwa GPS? Kama muuzaji hajaandika, chukulia haina.

Haya, mpangilio wangu.

Kabla ya namba moja: kama una redio ya SSB (ya sauti) ya HF, yaani masafa mafupi, tayari, usinunue kitu. Pakua WSJT-X bure, unganisha sauti na kompyuta, shusha nguvu mpaka wati 5 au chini, hakikisha saa ya kompyuta inajirekebisha kwenye intaneti maana ukipishana zaidi ya sekunde moja mbili umeharibu. Piga 14.0956 MHz kwenye USB (upande wa juu wa SSB, sio ile ya kuchomeka) na umemaliza. Ubaya wake ni kwamba unafunga redio ya hela nyingi na kompyuta kwa kazi ya kunong'ona, na umeme unakula.

Namba moja kwangu ni bikoni iliyokamilika yenye GPS ndani, na kati ya hizo naisimamia ZachTek WSPR Desktop. Inakuja imeungwa, miliwati 200, TCXO ndani, inakula volti 5 za USB, GPS inaipa saa na pia inaipa gridi yenyewe, we unaingiza kolsaini na bendi kwa kompyuta mara moja halafu unaisahau. Hilo neno kusahau ndo nalolipia. Umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa kumi, inajiwasha, inatafuta setilaiti, inaendelea na safari, we umelala. Wengi wanaisifia WSPRlite ya SOTABEAMS na ni kitu kizuri, masafa yametulia, ila haina GPS, saa yake unaianzisha wewe kwa kubonyeza kitufe dakika shufwa inapoingia. Kwa mtu wa Uingereza sawa. Kwa huku umeme ukirudi uko kazini imekaa tu inakusubiri uje ubonyeze. Angalizo moja la GPS: chini ya bati haioni kitu, ile antena yake ndogo itoe mpaka dirishani, au juu ya bati kabisa, bati lenyewe linaisaidia.

Namba mbili, QMX ya QRP Labs, na kuna watu wataniambia hii ndo ingekuwa ya kwanza na siwabishii sana. Hii ni redio kamili ya kidijitali ya wati 5, inapokea na inatuma, kwa hiyo ukichoka kunong'ona unapiga FT8 (mtindo wa kidijitali wa kuwasiliana) na Morse kwa kifaa kile kile. Kit yake (vipande vya kuunga mwenyewe) mara ya mwisho kuangalia ilikuwa karibia dola 100, ongezea usafiri na ushuru. Sasa mambo mawili yanawaponza watu. La kwanza toleo: kuna la bendi za chini, la katikati na la bendi za juu, soma vizuri kabla hujalipa, na kwa sisi wa karibu na ikweta mi nachukua la bendi za juu, mita 20 mpaka 10 (14 mpaka 28 MHz), maana mchana wa huku mita 10 na 15 zinafunguka vizuri jua likiwa na madoa mengi. La pili volti: unapoiunga unachagua iwe ya volti 9 au ya volti 12, na ukiiunga ya 9 halafu siku moja kwa haraka ukachomeka betri ya pikipiki, transista za mwisho zinakuaga. Andika volti kwa makapeni juu ya boksi, kabla hata hujaiwasha mara ya kwanza. Na kama hujawahi kulehemu, hii sio ya kujifunzia, ina koili ndogo ndogo za kufunga kwa mkono na nafasi yenyewe finyu.

Ya kujifunzia kulehemu ni namba tatu, Ultimate3S, ya hao hao QRP Labs. Kit ya dola 30 na kitu, lakini hiyo bei ni ya kukuvuta, bado filta ya kuchuja mawimbi ya ziada, moja kwa kila bendi, bado GPS, ukitaka kubadilisha bendi zijibadilishe zenyewe bado bodi ya relei, ukija kujumlisha umefika kwenye QMX na haupokei. Mbona naiweka juu basi? Kwa sababu kila kipande unakiona, nafasi ipo ya kutosha, ina kiskrini chake, haihitaji kompyuta, na ikiharibika fundi yeyote anayejua kushika mita anaifuatilia mpaka mwisho. Transista zake ni BS170, za bei ya chini, weka kadhaa za akiba. Inatoa kama miliwati 200 kwa volti 5, na mbali ya WSPR inajua mitindo mingine kibao ya polepole.

Namba nne Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Kuna programu inaitwa WsprryPi, inatoa mawimbi moja kwa moja kwenye pini ya GPIO 4, saa inachukua intaneti, kwa hiyo mwenye Pi ya zamani kabatini anaanza na hela ya waya tu. Pi 5 iache, pini zake zinaendeshwa kivingine. Tatizo langu ni lile wimbi la mraba, limejaa marudio, unarusha 7 MHz na 21 MHz nayo inatoka, kwa hiyo bila filta wewe ni kero kwa jirani na kwa leseni yako. TAPR, chama cha wanaredio wa kidijitali, wana kibodi kidogo cha kuchomeka juu ya Pi chenye filta na kiongeza nguvu cha mita 20, kama unaenda njia hii nunua hicho. Mtu akikwambia "mi nimeweka waya tu kwenye pini na nimefika Ujerumani", amefika kweli, ila hajui na wapi pengine amefika.

Namba tano ndo kale kangu ka kopo la siagi, Si5351 na Arduino, au kibodi cha ESP32 kikachukua saa kwa wifi. Ndo ya bei ya chini kuliko zote na ndo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo msinielewe vibaya, naiweka mwisho kwa sababu hujanunua bikoni hapo, umenunua miezi miwili ya kuhangaika. Kama ndo unachotaka, karibu. Lipia moduli yenye TCXO hata ikiwa mara mbili ya bei, na filta ni lazima kama kwenye Pi.

Kitu ambacho hakiko kwenye mpangilio lakini ningekinunua kabla ya vyote ni RTL-SDR V4, kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, dola 30 mpaka 40 hivi, inapokea HF bila nyongeza. Kazi yake ya kwanza ni kuiangalia bikoni yako mwenyewe, ningekuwa nayo zile siku tatu nisingepanda bati. Kazi ya pili, bikoni ikiwa imepumzika unadaka za wenzio na kupandisha ripoti. Ramani ya Ulaya imejaa nukta mpaka huoni nchi, yetu ina mapengo matupu, mtu wa Muscat au Lusaka anarusha usiku mzima hajui kama alipita juu ya Dodoma.

Antena usinunue. Waya wa umeme wa dukani, kwa mita 20 kila upande mita 5 na kidogo, kata mrefu kwanza halafu punguza ukipima, kebo katikati, ncha mbali na bati kadri unavyoweza. Hela ya antena ya kununua iongezee kwenye TCXO. Na bikoni iache itume mara moja kila dakika kumi hivi, sio kila zamu, dirisha ni la watu wote lile.

La mwisho, umeme. Wengi wanachomeka bikoni kwenye pawabenki ili isizimike umeme ukikatika, halafu wanakuta imezimika yenyewe baada ya nusu dakika. Pawabenki nyingi zikiona mzigo ni mdogo zinadhani simu imejaa, zinakata. Mi nimeweka rezista ya omu 47 ya wati 1 kati ya chanya na hasi upande wa volti 5, inakula kama miliampia 100 muda wote, pawabenki inaridhika kuna mtu anakula. Inapata joto kidogo, kwa hiyo ikae nje ya kopo, mbali na kristali.