Programu ipi uchukue kugeuza fremu za picha kuwa video: za bure zinazotosha, na zipi ukilipia hela yako haipotei

Hali inakuwa hivi: mtu ana folda imejaa picha, fremu_0001.png, fremu_0002.png mpaka huko elfu na kitu, labda amerenda animesheni, labda amepiga taimulapsi ya mawingu (picha moja moja kwa vipindi, mwendo unaonekana wa haraka), labda amesogeza mdoli kidogo kidogo mbele ya kamera usiku kucha, sasa anataka video moja ya MP4 na kitu cha kwanza anakimbilia kutafuta programu ya kununua. Subiri kwanza. Kazi yenyewe ya kushika fremu, kuziunganisha na kuzienkodi (kuzibana ziwe faili la video) usiilipie hata senti, maana chombo bora kuliko vyote kwenye hiyo kazi kinapatikana bure. Hela yako itoke pale tu unaponunua kitu cha ziada, mfano kuondoa mwanga unaochezacheza kati ya picha na picha, kurekebisha rangi kwa undani, au kuiongoza kamera yenyewe wakati wa kupiga. Orodha hii nimeipanga kwa msimamo huo.

Nilichoangalia ni mambo matatu tu, kwa sababu ndo yanayowaharibia watu video. Programu inasoma mfuatano wa namba bila kuchanganya? Inakuachia wewe uamue fremu ngapi kwa sekunde, au inakuchagulia kimya kimya? Na rangi zinatoka kama zilivyoingia? Urembo wa muonekano na vitufe sijaupa maksi.

NAMBA 1: FFmpeg

Hii haina hata dirisha la kubofya, unaandika komandi kwenye terminali, na hapo ndo wengi wanakimbia. Usikimbie. Ipo tangu mwaka 2000, aliianzisha Fabrice Bellard, ni ya bure na msimbo wake uko wazi, inakubali Windows, Mac na Linux, na programu nyingi tu za video zinaitumia ndani kwa ndani, kwa hiyo unaweza kujikuta unalipia sura nzuri iliyobandikwa juu ya kitu ambacho ungekipata bure. Komandi ya kuanzia ni hii:

ffmpeg -framerate 24 -i fremu_%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -movflags +faststart video.mp4

Kila kipande pale kina kazi. %04d maana yake namba ya tarakimu nne zenye sifuri mbele, yaani 0001, 0002. Kama faili zako zimeandikwa 1, 2, 10 bila sifuri basi weka %d. Namba zikianzia mbali, tuseme 1200, ongeza -start_number 1200 kabla ya -i, la sivyo itakwambia haioni faili, maana yenyewe inatafuta mwanzo kwenye namba za chini kabisa. Na kukiwa na pengo katikati, mfano fremu_0413 imefutika, mara nyingi video inaishia 0412, kwa hiyo ukiona imetoka fupi anza kwa kuhesabu faili zako kabla hujailaumu programu.

Sasa hii -framerate, iweke KABLA ya -i. Usipoiandika kabisa FFmpeg inachukulia fremu 25 kwa sekunde, halafu wapo wanaoandika -r 12 baada ya -i wakidhani wameipunguza spidi, kumbe picha zimesomwa kwa 25 na nusu ya fremu zao zimetupwa. Kama ulipiga stopimosheni (ile ya kusogeza mdoli kidogo kidogo) kwa picha 12 kwa sekunde, andika -framerate 12 mbele na -r 24 nyuma, kila picha itarudiwa mara mbili na mwendo utabaki ule ule uliokusudia.

-pix_fmt yuv420p ndo inayookoa watu kwenye simu. Ukitoa PNG bila kuiandika, H.264 (kodeki, yaani njia ya kubana video, ile libx264 ndo inayoitengeneza) inaweza kutoka na mfumo wa rangi wa 4:4:4, yaani rangi zote bila kupunguzwa, kwako kwenye kichezeshi cha VLC inacheza vizuri, ukimtumia mtu anaona giza au simu inakataa kabisa. Ila sasa 4:2:0, ndo hiyo yuv420p, inataka upana na urefu ugawanyike kwa mbili, kwa hiyo picha za 1081 kwa 721 zitagoma na utaona ujumbe "width not divisible by 2", dawa yake ni -vf "pad=ceil(iw/2)*2:ceil(ih/2)*2", inaongeza mstari mmoja wa pikseli na kazi inaendelea.

-crf ndo kipimo cha ubora, kwenye libx264 kinaanzia 0 mpaka 51, namba ndogo ubora mkubwa na faili kubwa, usipogusa inakuwa 23. Mimi kwa animesheni naweka 16 mpaka 18, kwa video ya kutumiana kwenye simu 23 inatosha sana. Rangi zikitoka zimebadilika kidogo, hasa nyekundu na kijani, basi ni ule ubadilishaji kutoka RGB (rangi za picha) kwenda YUV (rangi za video) umetumia jedwali la zamani la bt601 wakati kichezeshi kinadhani ni bt709, kwa video ya HD ongeza -vf scale=out_color_matrix=bt709 pamoja na -colorspace bt709 na zinarudi sawa.

Udhaifu wake upo na sio mdogo: huoni picha wakati unafanya kazi, hakuna taimulaini (mstari wa kupangia klipu), ukitaka kukata hapa na kuweka maandishi pale inachosha. Na ile njia ya kuokota faili zote kwa nyota, -pattern_type glob, kwenye Windows kwa kawaida haifanyi kazi. Ila kwa kazi ya folda kuwa video hakuna inayoifikia.

NAMBA 2: DaVinci Resolve

Ukitaka kuona unachofanya chukua hii, na anza na toleo la bure. Fremu zenye namba zinazofuatana inazionyesha kama klipu moja, unaibofya upande wa kulia, unaenda "Clip Attributes", unaweka fps yako (fremu kwa sekunde). Chunga kitu kimoja tu: fps ya taimulaini ya projekti iweke kabla hujaingiza chochote, ukishaweka midia inajifunga na hubadilishi tena. Toleo la bure linatoa mpaka 3840 kwa 2160 kwa fremu 60, wengi wetu hatuhitaji zaidi ya hapo. Kwenye Linux toleo hilo la bure limebanwa upande wa H.264, kwa hiyo mtu wa Linux atoe faili kubwa ya kati halafu aimalizie kwa FFmpeg.

Toleo la kulipia, Studio, unalinunua mara moja, hakuna kukatwa kila mwezi, na kwa mtu wa taimulapsi lina sababu ya maana, linakuja na Deflicker ya kutuliza mwanga unaorukaruka na kisafisha chenga (vidoadoa vya picha) kinacholinganisha fremu na fremu. Kati ya programu zote za kulipia ninazozitaja hapa hii ndo naona hela inaenda mahali pake. Inataka mashine yenye kadi ya grafiki ya kueleweka lakini, laptopu nyepesi itahema.

NAMBA 3: Blender

Kama tayari unayo kwa ajili ya 3D basi huna haja ya kuongeza kitu. Unaingia Video Sequencer, unaongeza Image/Sequence, unachagua faili zote, kwenye output unaweka FFmpeg Video, H.264, unarenda. Kuna mitego miwili inayokamata kila mgeni. Wa kwanza, projekti mpya inaishia fremu ya 250, kwa hiyo folda yako ya picha 1,800 itatoa video ya sekunde kumi hivi mpaka ubadilishe hiyo namba ya mwisho. Wa pili ni rangi: "View Transform" (mpangilio wa jinsi rangi zinavyoonyeshwa) inakuja kwenye AgX, kwa matoleo ya nyuma ya 4.0 ni Filmic, na fremu zako zilishapita huko mara ya kwanza wakati wa kurenda, zikipita tena zinapauka, weka Standard. Ukishavijua hivyo viwili, Blender ni chombo cha kuaminika kabisa.

NAMBA 4: Shotcut na Kdenlive

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote ni za bure, nyepesi, na mtu asiyetaka terminali atazielewa haraka. Shotcut unafungua picha ya kwanza, unaenda Properties, unatiki "Image sequence". Kdenlive ina sehemu yake ya kuongeza mfuatano wa picha. Watu wa Mac hata QuickTime Player ya matoleo ya karibuni ya macOS inafungua mfuatano wa picha, kwa kazi ya haraka inatosha.

NAMBA 5: After Effects

Sio mbaya, ni nzuri sana, ila unailipia kila mwezi na kwa kazi hii peke yake ni hasara tupu. Nunua kama unatengeneza maandishi yanayotembea, unachanganya tabaka za render, unafanya efekti. Kwa wanaoitumia tayari: wakati wa kuimpoti hakikisha kile kitiki cha Sequence kimewekwa, halafu nenda "Interpret Footage", kwa sababu yenyewe inachukulia 30 fps kwa mfuatano wowote mpaka uibadilishe kwenye Preferences, na animesheni uliyoipanga kwa 24 itakimbia bila wewe kujua kwa nini. Tangu toleo la 2023 inatoa H.264 moja kwa moja, la nyuma yake mpaka upitie Media Encoder, programu nyingine ya Adobe.

Halafu kuna mbili sijazipa namba kwa sababu unazinunulia kazi nyingine. Dragonframe ni ya stopimosheni, inaiongoza kamera kupitia waya wa USB, inakuonyesha picha iliyopita kama kivuli juu ya ile unayotaka kupiga, inaweza hata kuongoza taa. Ukiwa siriasi na stopimosheni lipia bila kusita, maana kidole kikigusa mpangilio wa kamera katikati ya shoti hakuna programu ya kuenkodi itakayokuokoa baadaye, na anayeanza na simu Stop Motion Studio itamfikisha mbali tu. LRTimelapse ni ya taimulapsi za kutoka mchana kwenda usiku, ina utulivu wa mwanga mzuri mno, ila inafanya kazi bega kwa bega na Lightroom (programu ya Adobe ya kuhariri picha), kwa hiyo piga hesabu ya programu mbili, sio moja.

Tovuti za "pakia picha upate video" naziweka chini kabisa. Fikiria kupandisha picha elfu mbili kwa bando lako, unawekewa kikomo cha idadi, unabandikwa nembo yao juu ya kazi yako, na ubora wa kuenkodi huamui wewe. HandBrake nayo watu wanaitaja sana, ni programu safi, ila inataka ipewe video iliyokwishaundwa, folda ya picha sio kazi yake.

Kuhusu kodeki nitasema kwa kifupi. H.264 ni ya 2003 na inacheza karibu kila mahali, anza nayo. H.265 ya 2013 inakupa faili dogo zaidi kwa ubora ule ule, na kwa anga lenye rangi zinazofifia pole pole itumie kwa biti 10, -pix_fmt yuv420p10le, ile mistari mistari angani inapungua sana, hasa kama fremu zako zina biti 16. AV1 ya 2018 inabana zaidi ila inakula muda. Ukitaka video yenye mandhari ya uwazi, H.264 haibebi uwazi, tumia kodeki ya ProRes 4444. Na mtu akikuuzia programu kwa kusifia inaenkodi kwa kadi ya grafiki, NVENC au Quick Sync, jua kwamba spidi ni ya kweli lakini kwa ukubwa ule ule wa faili x264 (ndo ile libx264) ya spidi ya taratibu kwa kawaida inatoa picha safi zaidi. FFmpeg nayo inazitumia hizo hizo, bure.

Kama una bajeti na bado unawashwa kununua kitu, nunua SSD (diski ya kasi). Fremu moja ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa, biti 8 kwa kila rangi, ni kama megabaiti 6.2, dakika moja ya 24 fps ni fremu 1,440, yaani karibu gigabaiti 9. PNG inapunguza lakini diski bado inasoma maelfu ya faili, na mara nyingi hapo ndo mwendo unakwama. Na fremu usizifute mara tu video ikitoka. Ndo sababu watu wa animesheni wanarenda picha kwanza badala ya MP4 moja kwa moja: umeme ukikatika kwenye fremu ya 900 unazo 899 salama, wakati MP4 ya kawaida inaandika faharasa yake mwishoni, ikikatwa katikati mara nyingi haifunguki.

Kabla ya kulipia yoyote pakua toleo la majaribio uipe fremu 250 zako mwenyewe, ziwemo zenye nyekundu kali, zenye anga linalofifia, na namba zisianzie moja. Kwa 25 fps lazima itoke sekunde 10 kamili. Iangalie kwenye simu mbili tofauti, isimamishe kwenye ile nyekundu, ilinganishe na PNG yake ya asili. Urefu ukiwa tofauti au rangi ikihama na programu haikuonyeshi pa kurekebisha, iache, rudi kwenye FFmpeg.