Bladiwomu wa barafu kwa diskasi wa porini: pakiti ya gramu 100 inayouzwa Nairobi

Diskasi, samaki wa mapambo wa mito ya Amazoni, aliyevuliwa porini akitupiwa chembechembe kavu siku ya kwanza, atazitazama zikishuka hadi chini na hatazigusa. Kwao kwenye mto Rio Negro, Brazili, anakula mwani na mabaki ya majani yaliyoshikamana kwenye matawi yaliyozama, pamoja na vidudu anavyovidonoa humo humo. Chembe kavu inayodondoka kutoka juu haitambui kuwa chakula. Ndiyo maana pakiti hii ya bladiwomu walioganda, yaani mabuu mekundu ya visubi wa majini, ina thamani kubwa kuliko bei yake: ni chakula chembamba, ni chekundu, kinatikisika majini, na ndicho kitu cha kwanza ambacho samaki wengi wa porini hukubali. Tunampa bladiwomu alama 4 kati ya 5 kama chakula cha kuanzia. Kama chakula cha kudumu tunampa 2, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni maji na vitamini alizo nazo ni chache.

Pakiti yenyewe ni trei ya plastiki yenye vitundu, kibonge kimoja katika kila kitundu, na juu imebandikwa foili. Kabla ya kulipa, pitisha kidole juu ya foili. Kibonge ambacho hakijawahi kuyeyuka kina kingo kali na kimejaza kitundu chake sawasawa. Kilichoyeyuka na kuganda tena huwa kimelala upande mmoja, kingo zimepotea, na pembeni pana barafu nyeupe ya maji matupu. Nyumbani ukikiyeyusha utaona ngozi tupu zinaelea na maji yamekuwa ya kahawia badala ya mekundu. Usiwape samaki; tumbo la diskasi aliyechoka na safari halistahimili chakula kilichoanza kuoza. Tatizo hili ni la kawaida Nairobi, kwa kuwa stima hupotea na friza za maduka si zote zina jenereta. Muulize muuzaji waziwazi friza ilizimwa lini mara ya mwisho, na ubebe kikasha cha baridi chenye chupa mbili za barafu. Foleni ya kutoka Ngara hadi Rongai jioni inatosha kuyeyusha trei nzima.

Namna ya kumwandaa bladiwomu ni rahisi, ila wengi huiruka. Tia kibonge kwenye kikombe cha maji ya tangi, subiri dakika kumi, kisha mimina kwenye kichujio cha chai na umwage ile juisi nyekundu. Juisi hiyo haimlishi samaki. Inalisha bakteria na kuongeza amonia ndani ya tangi ambalo pengine chujio lake bado ni changa. Suuza mara moja, ndipo uwape.

Lakini bladiwomu bora kabisa hatamsaidia samaki aliyeshtuka, na hapo ndipo lawama nyingi zinazoelekezwa kwenye chakula zinapokosea njia. Diskasi asiyekula kwa kawaida analalamikia mambo matatu: joto, maji, na woga.

Joto kwanza. Wanataka nyuzi 29 hadi 30. Usiku wa Julai hapa mjini hushuka hadi nyuzi 11 au 12, kwa hiyo tangi la lita 300 linahitaji hita mbili za wati 200 badala ya moja kubwa. Moja ikifa, nyingine inashikilia. Sasa fikiria mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Maji ya nyuzi 30 pwani hubeba takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita. Hapa ni kama 6 tu. Maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa nchi za usawa wa bahari hayataji jambo hili, na ndiyo sababu samaki anayehema haraka juu ya tangi hapa kwetu hupewa dawa ya vimelea wakati alichokosa ni hewa. Weka pampu ya hewa yenye mawe mawili ya kutoa viputo, usiku na mchana, na nyingine ya betri iwe tayari kwa siku ya kukatika stima.

Maji nayo yana siri yake. Yale ya bomba kutoka bwawa la Ndakaini ni laini, na kipimo cha chumvi zilizoyeyuka mara nyingi huwa chini ya miligramu 100 kwa lita. Kwa diskasi ni bahati kubwa. Yana klorini, hivyo tumia Seachem Prime mililita 5 kwa kila lita 200, au yaache na jiwe la hewa kwa saa 24. Balaa ni wiki ya mgao, mlinzi wa ploti anapoagiza bauza, lile lori la maji, na maji ya kisima kuchanganywa kwenye tangi la juu ya nyumba bila mtu kuambiwa. Maji ya visima vya Nairobi yana bikaboneti nyingi ya sodiamu na floraidi, pH (kipimo cha asidi; juu ya 7 si asidi tena) inapita 8, na kipimo kinaruka hadi mia kadhaa. Samaki waliokuwa wanakula vizuri Jumatatu wanageuka weusi Alhamisi, na mwenye tangi analaumu pakiti ya bladiwomu. Nunua kipimo kidogo cha chumvi cha mkononi na upime kila ndoo kabla haijaingia. Majani makavu ya mkungu, jani moja kwa kila lita 50, yanatia rangi ya chai na kutuliza samaki, lakini hayawezi kushinda bikaboneti ya kisima. Hapo ni mashine ya RO, inayochuja chumvi majini, peke yake. Kwa aliye na ndugu Mombasa, majani hayo yanaokotwa bure chini ya mti. Yaoshe kwanza.

Kuwahamishia samaki ndani ya tangi kunategemea wamekaa mfukoni kwa muda gani. Waliofika uwanja wa ndege wa JKIA kutoka Manaus, Brazili, wamefungiwa zaidi ya siku nzima. Kaboni dioksidi wanayotoa imeshusha pH, na katika pH ya chini amonia yao hubaki katika umbo la amoniamu lisilounguza. Mfuko ukifunguliwa, kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na amoniamu inageuka amonia kamili ndani ya dakika chache, samaki wakiwa bado humo. Kwa hiyo kule kudondosha maji ya tangi ndani ya maji ya mfuko kwa mpira kwa saa mbili, ambako karibu kila duka linaelekeza, ni hatari kwao. Acha mfuko uelee kwenye tangi dakika 20 ili joto lilingane, ukiwa tayari umeandaa maji laini ya pH 5.5 hadi 6.5, kisha fungua, mtoe samaki kwa wavu mpana na umwingize mara moja. Maji ya mfuko yaende sinki. Samaki aliyekwisha kukaa dukani wiki kadhaa na kusafiri saa moja tu ni habari nyingine: huyo mtie kwenye ndoo na maji yake ya mfuko, kisha mdondoshee maji ya tangi, matone mawili au matatu kwa sekunde, hadi maji ya ndoo yaongezeke mara tatu.

Baada ya hapo zima taa na usimlishe siku ya kwanza. Siku ya pili au ya tatu, jioni, mpe bladiwomu kidogo sana: kibonge kimoja kwa samaki watano au sita. Wape dakika 20, kisha nyonya kilichobaki kwa mpira. Tangi lisiwe na changarawe chini, la sivyo mabaki yatajificha humo na kuoza. Wasipungue watano, akiwa peke yake anajibanza kona na hali, hata apewe nini. Asipokula wiki nzima bado si ajali. Akipita siku kumi hadi kumi na nne, paji la uso limebonyea na kinyesi ni uzi mweupe, sasa ni ugonjwa wa tumbo.

Wa porini huja na vimelea, hilo lichukulie kuwa uhakika. Kwa minyoo bapa ya matamvua na tegu, praziquantel miligramu 2 kwa lita. Kidonge kimoja cha miligramu 600 cha kichocho kinatosha tangi la lita 300, na kipimo kinarudiwa baada ya siku tano hadi saba kwa kuwa mayai hayafi. Kwa kinyesi cheupe, metronidazole miligramu 250 kwa kila lita 40, mara tatu, siku moja ikipita katikati, na maji yakibadilishwa robo hadi nusu kabla ya kila kipimo. Kwa minyoo ya utumbo ni levamisole miligramu 2 kwa lita, lakini soma lebo ya agroveti kwa makini: nyingi zimechanganywa na oxyclozanide kwa ajili ya ng'ombe, na mchanganyiko huo usiutie majini. Usitumie dawa mbili siku moja.

Akishakula bladiwomu kwa juma zima bila kusita, anza kumhamishia kwenye chakula kikavu. Loweka chembechembe za Tetra Discus au Hikari Discus Bio-Gold dakika kumi, zichanganye na bladiwomu, sehemu moja kwa nne. Kila siku tatu au nne ongeza kidogo. Wiki ya nne wengi hula nusu kwa nusu. Wakianza kutema chembe, rudi nyuma hatua moja bila haraka.

Vyakula vingine tuvipitie upesi. Nyungunyungu wa shambani waliokatwakatwa ni wazuri mno, mradi wasiwe wale wekundu wa mboji, ambao hutoa ute mchungu. Moyo wa ng'ombe kutoka soko la nyama la Burma ni rahisi na una protini tele, ila mafuta yake hugandia tumboni mwa samaki na kuchafua maji. Kata kila uzi wa mafuta na mishipa, na uwape waliokwisha zoea tu, mara moja au mbili kwa wiki. Tubifeksi hai wa mitaroni, wale minyoo wembamba wa matope, waache huko huko mitaroni.

Trei iliyofunguliwa ifunge ndani ya mfuko wa zipu na uilaze chini kabisa ya friza, mbali na mlango. Stima ikipotea zaidi ya saa sita, bonyeza kibonge kimoja kupitia foili: kikikubali kidole, trei hiyo imekwisha.