Mapitio ya Muziki: Dhamira Kuu ya Star Wars (1977)

Dhamira kuu, yaani muziki mkuu, ya filamu ya Star Wars, iliyotungwa na John Williams na kurekodiwa Uingereza mwaka 1977 na London Symphony Orchestra, inastahili kusikilizwa hata na asiyeijua filamu yenyewe. Muziki unalipuka kwa akodi nzito (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya Si bemoli kubwa (B-flat major), bila utangulizi wowote wa taratibu, kisha tarumbeta zinaingia na wimbo ambao mwanakwaya yeyote aliyezoea solfa ataufuata kwa urahisi: so-so-so za haraka, do ndefu, so ya juu yake, halafu fa-mi-re zinazoshuka kwa noti tatu ndani ya pigo moja kabla ya kuruka ghafla hadi do ya juu. Mruko huo kutoka re, unaovuka noti saba za ngazi, ndio unaoupa wimbo ushujaa wake, na Williams anaurudia papo hapo kwa sababu anajua kwamba sikio limeutamani tena. Sehemu ya pili inakabidhiwa fidla, ambazo zinaimba kwa upole na pumzi ndefu, nami naiona kuwa nzuri kuliko ile ya kwanza inayosifiwa na wote.

Kasoro yake ni kwamba ala za shaba, kama tarumbeta, zina nguvu mno kiasi cha kuzifunika filimbi na klarineti, hasa kwenye spika ndogo za simu. Itafute kwenye vipokea sauti vizuri vya masikioni, ambavyo vitakupa pia besi zinazosukuma mwendo kutoka chini.